Uzi Wenye Mafundo Matano

Kwenye droo ya cherehani ya bibi, hapa Jinja,
chini ya chaki na sindano zilizoota kutu,
amelala mwanamke wa urefu wa kiganja na nusu.
Mwili ni nyuzi za mgomba zilizosokotwa,
nywele za katani. Macho hana.
"Macho ya nini?" bibi Naigaga aliniuliza.
"Huyu hakutumwa kutazama.
Alitumwa atazamwe."

Fundi Rebelo ndiye aliyemfunza kazi hiyo,
Mgoa wa kikohozi kikavu, miwani imefungwa kwa uzi.
Akipiga pasi, alisimulia:
kabla ya picha, kabla ya magazeti,
wake wa wafalme huko Ulaya walitumiana wanasesere.
Nguo ilisafiri ikiwa imevaliwa na mti.
Fundi wa upande wa pili alimvua taratibu,
kama mtu afunguaye barua ya posa,
akihesabu mishono mmoja mmoja.
Hata vitani, alisema Rebelo,
askari walimpisha mwanasesere njiani.
Bibi hakuamini hilo la askari.
Mengine aliyaamini yote.

Basi wakashona gomesi za kiganja na nusu:
shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka,
vifungo viwili kushoto, vidogo kama punje za ulezi,
na mshipi chini ya kiuno, mwisho ukining'inia.
Hata kikoi cha ndani hakikusahauliwa,
maana gomesi bila nyonga, alisema bibi,
ni pazia.
Mwanasesere alipanda basi la alfajiri
ndani ya kopo la biskuti:
Kamuli, Iganga, Pallisa,
kwa mke wa karani wa pamba, kwa mkunga,
kwa bibi harusi aliyefichwa ndani.
Wiki ya pili alirudi
na pini begani, maana yake *punguza hapa*,
na uzi kiunoni wenye mafundo:
kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu.
Wanawake ambao bibi hakuwaona kamwe
aliwajua kwa vidole.

Kisha redio ikasema siku tisini.

Rebelo alifunga sanduku moja.
Cherehani akamwachia bibi, deni akamfutia,
akachukua mwanasesere mmoja, yule wa hariri ya zambarau.
Dereva aliyempeleka Entebbe alirudi na habari:
kizuizini, askari walimpasua tumbo
wakitafuta dhahabu.
Walikuta mgomba.
Mzee aliokota nyuzi barabarani, nyuzi zote,
foleni nzima ikimngoja.

Juzi mwanangu Nangobi alileta nyumbani
mwanasesere wa plastiki kutoka marobota ya mitumba,
nywele za manjano, mguu mmoja umetafunwa na mbwa.
Anataka ashonewe gomesi.
Nilimpima kama nilivyofunzwa.
Kiuno, kidole changu kinakizunguka.
Nyayo zimechongwa kwa ajili ya viatu
ambavyo havikuja naye.
Nilimsimamisha mezani, akaanguka.
Nilimsimamisha tena.
"Bibi angesema nini?" Nangobi akauliza.
Angesema: huyu ametumwa bila kuambiwa kwa nani.
Lakini angemshonea. Nikamshonea,
vikoi viwili ndani badala ya kimoja.

Usiku, watoto wamelala,
nilifungua tena kopo la biskuti.
Wa mwisho kurudi alirudi Novemba mwaka ule,
muhuri wa Kamuli, jina limeliwa na mende.
Uzi bado uko kiunoni mwake, mafundo matano.
Kitambaa hakikukatwa. Hakukuwa na kitambaa.

Niliufungua nikajizungushia kifuani
kwenye kioo kilichopasuka cha dukani.
Ulipungua upana wa kidole kimoja.
Mwembamba kuliko mimi, basi,
na mkono mrefu.
Nilipima mara ya pili, nikaandika kwa chaki juu ya meza.
Asubuhi nitapita kwa Wahindi waliorudi
kuuliza bei ya hariri.